Fisi na Mawe ya Saa

Saa ya Kiingereza nilifundishwa uwanjani, juani, nikikimbizwa na fisi. Fisi mwenyewe alikuwa mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana wa kutoka milimani upande wa Kikima, kule kwenye maji na ndizi, aliyeletwa kwetu huku chini kwenye vumbi na hakuficha kwamba ameonewa. Shule yetu ilikuwa mbali kidogo na soko la Kathonzweni. Jina lake sitalitaja. Watu pia sitawataja kwa majina, ila vyeo vyao nitavitaja, na wa kwetu wakisoma watajua ni nani. Wajue.

Saa ya ukutani hatukuwa nayo. Kengele ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwenye mti kwa waya, na aliyeigonga alingoja hedimasta atazame mkono wake. Waliovaa saa ni hedimasta, yule mwalimu, na chemani wa kamiti ya shule, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa na mwenye duka. Sisi wengine tulikuwa na jua.

Na jua letu lina hesabu yake. Nyumbani siku inaanza jua linapotoka, na likishapanda kidogo hiyo ni saa moja. Kikamba ni hivyo, Kiswahili ni hivyo. Mwalimu akaja kutuambia Kiingereza si hivyo, hiyo saa moja yetu kwao inaitwa saba. Tukamwangalia tu. Akaandika ubaoni, akafuta, akaandika tena, akachapa watu, akachoka. Ndipo akatutoa nje.

Alichora duara kubwa kwa fimbo kwenye uwanja wa mpira, akapanga mawe kulizunguka, namba zote za uso wa saa, kila jiwe na namba yake kwa chaki. Kisha akasimama katikati na kufumba macho.

"Mimi ni Mista Haina, Bwana Fisi," alisema. "Niulizeni saa."

Tukazunguka nje ya mawe tukiuliza kwa sauti moja, "Mista Haina, Mista Haina, wati isi ze taimu?"

Yeye alijibu kwa saa ya nyumbani. Akisema, "Saa moja asubuhi!" tulitakiwa kukimbilia jiwe la Kiingereza, lile la saba, na kupiga kelele, "Seveni okloki!" Ukikimbilia jiwe la moja umetoka, na fimbo ya matako inakusindikiza. Halafu wakati hutegemei, fisi anafumbua macho na kusema, "Lanchi taimu!" Hapo mnakimbia wote mkaguse ukuta wa darasa kabla hajamshika mmoja wenu. Anayeshikwa ndiye nyama.

Mimi niliuelewa upesi. Hakuna haja ya kuhesabu. Ukisikia saa ya nyumbani, tafuta jiwe lake kwa macho, halafu kimbilia lile linalotazamana nalo ng'ambo ya duara. Moja inatazamana na saba. Mbili inatazamana na nane. Ni hivyo mpaka mwisho wa mawe. Nilipoona hilo sikutolewa tena mchezoni. Mwalimu alinipa cheo cha kusimama karibu naye na kuonyesha wengine kwa kidole.

Kulikuwa na mvulana wa jirani yetu, mtoto wa mjane mmoja tuliyepakana naye shamba. Huyo hakuweza kabisa. Akisikia moja, anakwenda kwenye moja na kusimama hapo kama kigingi.

"Wewe, nani amekutuma huko?" mwalimu alimuuliza.

"Mwalimu, si ndiyo hii? Imeandikwa moja."

"Imeandikwa na nani?"

"Na wewe."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yeye alichapwa. Njiani kurudi nyumbani alinifuata nyuma akilia kama mbuzi, mee, mee. "Kimbia, mbuzi wa mwalimu. Ukishanenepa atakula wewe kwanza."

Basi huo ndio ulikuwa mchezo. Tulicheza karibu kila siku kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, na mimi niliupenda. Sioni aibu kusema niliupenda.

Halafu mvua ikakosa. Ikakosa na iliyofuata. Ilikuwa ile njaa ambayo Wakamba walisema wanakufa huku wameshika pesa mkononi, kwa sababu hata aliyekuwa nazo hakupata cha kununua. Sisi hatukuwa hata na hizo pesa za kufa nazo. Baba alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi, na nafikiri bado anaitafuta. Mama aliuza mbuzi wakiwa ngozi na mifupa, mwisho akabaki na punda mmoja wa kuchotea maji, kwa sababu bila punda hata maji tungekosa. Maji yalikuwa mtoni, kwenye mchanga. Unachimba, unangoja, unakwangua kwa kibuyu.

Mchezo wa fisi haukukoma. Mwalimu alikuwa ameagizwa afundishe na alifundisha. Lakini akisema "Lanchi taimu!" hakuna aliyekimbia tena. Watoto walitembea hadi ukutani polepole, wakauegemea. Siku moja mvulana wa jirani hakutembea hata. Alikaa kwenye jiwe lake.

"Mwalimu," alisema, "leo fisi ajilie peke yake. Sisi tumeshiba."

Nilingoja fimbo. Haikuja. Mwalimu alifunga viatu vyake, ambavyo havikuwa vimefunguka, akatuambia twende nyumbani.

Sasa niseme juu ya mdogo wangu. Alikuwa kitindamimba wa mama, msichana, wa darasa la chekechea. Alikuwa akitutazama tukicheza na akicheza nyumbani na mawe madogo, yeye akiwa fisi na sisi wote nyama. Mwaka huo akavimba miguu. Nywele zikabadilika rangi, zikawa kama za mahindi. Akaacha kucheza, akaacha na kulia. Mama alimbeba mgongoni mpaka dispensari. Nesi akambonyeza mguu, kidole kikaacha shimo.

"Mama," nesi alisema, "huyu sina dawa yake hapa. Huyu anataka maharagwe. Anataka unga na mafuta. Nenda umtafutie chakula upesi."

"Nitafute wapi?"

Nesi aliita mtu mwingine kwenye foleni.

Baada ya hapo lori lilileta chakula cha msaada, mwolyo tunavyosema kwetu. Mahindi ya manjano, maharagwe, mafuta ya mkebe. Kikawekwa kwenye stoo ya shule kwa sababu ndiyo nyumba iliyokuwa na kufuli na mabati mazima. Tuliyaona magunia kwa macho yetu yakipangwa mpaka karibu na paa. Ufunguo ulikaa na chemani. Siku zikapita. Ukiuliza, chemani anasema orodha haijatoka. Ukimuuliza hedimasta, anasema muulizeni chemani. Kule darasani dirisha letu lilitazama mlango wa ile stoo, na upepo ukivuma tulisikia harufu ya mahindi. Mahindi makavu yana harufu. Mwenye njaa anaijua.

Ijumaa moja hedimasta akasimama paredini. Kwetu paredini ilikuwa Kiingereza tu, hata mwaka huo. Alisema kesho wazazi waje na magunia na debe zao, mwolyo utagawiwa wan okloki. Akarudia, wan okloki, akigonga kioo cha saa yake kwa kidole. Hakusema neno la Kiswahili, wala la Kikamba. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni. Naye hakusema.

Nilikimbia nyumbani. Nasema nilikimbia, lakini ni kutembea kwa haraka. Nikamwambia mama, kesho saa saba. Mama alikaa chini. Akamshika mdogo wangu mguu, akamwambia, "Umesikia? Kesho saa saba."

Jioni ile, jua bado lipo, mjane wa jirani akapita kwenye njia yetu na kibuyu.

"Mama wa wasichana, kesho tutoke pamoja? Mwanangu amesema saa moja."

"Saa moja?" mama akauliza. "Wangu amesema saa saba."

"Huyu amesema saa moja, na amesema hedimasta alisema mara mbili. Wani, wani."

Nilitoka nje. "Susu," nilimwambia, maana alikuwa na umri wa kuitwa nyanya, "wani yao si moja yetu. Ukienda saa moja utakaa juani mpaka saa saba."

Mvulana wake alikuwa nyuma yake. "Mee," alisema.

"Nyamaza," mama yake alimwambia. Kisha akamgeukia mama yangu. "Sasa wewe unasemaje? Mimi nitaenda asubuhi. Kukaa juani nimezoea."

Mama alifikiria. Mtu asije akasema hakufikiria. Nyumbani hapakuwa na maji hata ya kulowesha midomo, na ungekwenda na punda alfajiri ukachimba, ukangoja zamu yako, ungerudi jua likikaribia utosini. Akienda saa moja, hakuna maji. Akienda saa saba, anaweza kuchota kwanza, apike uji wa kitu chochote, ambebe mtoto akiwa amekunywa. Akanitazama.

"Una hakika?"

"Mwaitu," nilimjibu mama, "mimi ndiye ninayeonyesha wengine."

"Basi," alimwambia jirani. "Mtoto wangu ndiye wa kwanza kwa saa. Sisi tutakuja saa saba."

Nilikuwa nimesema kweli. Nimeambiwa na watu, hata na mchungaji, kwamba nijisamehe. Nijisamehe nini? Wan okloki ni saa saba. Ilikuwa saa saba siku ile na ni saa saba leo. Wa kusamehewa ni wengine, na hawajaja kuomba.

Jumamosi tulichota maji. Tulipotoka nyumbani kivuli cha mtu kilikuwa chini ya miguu yake. Mama alimbeba mdogo wangu mgongoni, mimi nilibeba debe na gunia. Njiani tukaanza kukutana na wanawake. Wamebeba. Wameinama na kamba kwenye vipaji vya nyuso, magunia mgongoni, mahindi ya manjano yakidondoka kwenye tundu. Tuliwasalimu. Waliitikia wakitazama chini. Hakuna aliyesimama. Mmoja, wa kanisa letu, alituona akapita porini kama mtu aliyeona nyoka.

"Wamegawa?" mama alimuuliza mjane wa jirani tulipokutana naye.

"Harakisheni tu," alisema. "Harakisheni." Akapita. Mwanawe alikuwa na maharagwe kwenye shati, amelishika mbele kwa mikono miwili. Siku hiyo hakusema mee.

Shuleni mlango wa stoo ulikuwa wazi. Sakafu ilikuwa imefagiwa, mistari ya ufagio inaonekana. Tulikuta wazazi wachache wengine, wale ambao watoto wao pia walikuwa wazuri kwa mawe. Yaani wazazi wa watoto wenye akili. Tulikuwa tumesimama hapo, familia zenye akili, na magunia matupu.

Chemani alikaa kwenye kiti karibu na mizani. Hedimasta alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, chakula kimekwisha," chemani alisema. Alimwita mama "dada katika Bwana" pia. Nakumbuka hilo.

"Kimekwisha vipi, na mlisema saa saba?"

"Waliokuja walipewa."

"Mlisema saa saba," mama alirudia. Sauti yake haikupanda. "Mtoto amesema mlisema saa saba."

Hedimasta akanitazama mimi. Akanyoosha mkono wenye saa mbele ya uso wangu. "Wati isi ze taimu?" aliniuliza.

Nikaangalia. Mkono mfupi ulikuwa kwenye moja, mrefu umepita kidogo kumi na mbili.

"Wan okloki, sa."

"Veri gudi," alisema. Akamgeukia mama. "Unaona? Hamkuchelewa. Mmefika kwa wakati kabisa. Ni chakula tu ndicho kimekwisha."

Mama alimshusha mdogo wangu, akamkalisha chini ili waone ile miguu. Waliiona. Chemani alitoa kitambaa akafuta jasho shingoni. Tukakaa hapo kidogo, halafu tukarudi nyumbani.

Kilichotokea asubuhi mjane alituambia jioni ile, alipokuja na bakuli la mahindi na maharagwe amelifunika kwa leso. Walifika wengi sana saa moja, jua likiwa jekundu, kwa sababu karibu watoto wote walikuwa wamesema saa moja. Wakakuta pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa sokoni imerudishwa nyuma mpaka kwenye mlango wa stoo. Hedimasta amevua koti. Chemani ameshika mlango. Vijana wanapakia. Yaani wan okloki ilichaguliwa ili asubuhi iwe yao. Walitutangazia saa waliyojua wangekuwa wamemaliza. Wakasahau kwamba watu wao hawajui saa ya Kiingereza.

Wanawake hawakupiga kelele. Walikwenda wakakaa chini mbele ya magurudumu na nyuma ya magurudumu, na madebe yao. Dereva akawasha gari, hawakuinuka. Ndipo chemani akasema, basi, basi, akina mama, kila mmoja ajaze chombo chake, na pikapu iondoke, na jambo hili liishie hapa. Wakajaza. Pikapu ikaondoka na yaliyobaki, na jambo likaishia hapo. Ndiyo maana walipokutana na sisi walitazama chini.

"Na hamkusema hata mmoja wetu awekewe?" mama aliuliza.

"Nilisema," mjane alijibu. "Nilimwambia chemani, kuna mama ana mtoto mgonjwa. Akaniuliza, yuko wapi? Nikasema anakuja saa saba. Akasema, basi na aje hiyo saa saba."

Mama alichukua bakuli. Alisema asante. Mjane alikaa kidogo, akainuka, akaenda.

Sitaki kuwalaumu wale wanawake. Nawalaumu kidogo. Lakini ukiniuliza ni nani, nitakuambia kwa mpangilio: chemani wa kamiti, mzee wa kanisa, aliyeshika ufunguo. Hedimasta, aliyechagua saa. Yule mfanyabiashara wa sokoni, aliyeuza mahindi yetu kwenye magunia yenye maandishi ya msaada bila hata kuyageuza ndani nje. Mwalimu wa Kiingereza sijui nimweke wapi. Mara namweka na wao, mara namtoa.

Lile bakuli tulilipika likaisha. Mdogo wangu alikufa kabla mvua haijarudi. Ilikuwa asubuhi, mama alikuwa mtoni na punda. Nilikuwa naye mimi. Hakusema kitu cha kukumbukwa. Watu hupenda kuuliza alisema nini. Aliomba maji, nikampa, akayaacha mdomoni.

Shule niliacha hivi: Jumatatu baada ya mazishi mama hakuniamsha. Basi. Hakuna aliyenikataza, hakuna tulichozungumza. Jumanne pia hakuniamsha. Mwalimu wa Kiingereza alikuja nyumbani mara moja, amevaa viatu vyake vya milimani vilivyojaa vumbi. Akasema mimi ni mwanafunzi mzuri, akasema nikiendelea naweza kufika mbali.

"Kaa, mwalimu," mama alimwambia. "Unywe maji. Kingine hakuna."

Alikunywa. Akatazama kikombe. "Mama, mimi sikujua," alisema.

"Sijakuuliza," mama alisema, na akachukua kikombe.

Baadaye nilipelekwa mji mdogo wa Kwa Vonza, kwa mama mdogo aliyekuwa na hoteli ndogo ya chai na isyo, yale mahindi na maharagwe yetu ya kuchemsha. Nikaosha sufuria huko miaka mingi. Nilikula. Nikanenepa. Kusoma nikaendelea mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari, ndiyo maana naweza kuandika hivi, na makosa yake. Hedimasta alipandishwa cheo akaenda shule kubwa zaidi. Amestaafu, ana afya. Tukikutana sokoni hunipa mkono na kuniuliza watoto hawajambo. Nampa mkono. Hawajambo, nasema.

Chemani alikufa miaka ya tisini mwanzoni, akiwa bado mzee wa kanisa. Nilitoka Kwa Vonza nikaenda kumzika. Mama alikataa, alisema ana kazi shambani, na kweli alikuwa nayo. Kulikuwa na watu wengi, hema, kipaza sauti. Mhubiri alisimama akasema huyu ndiye aliyelisha mahali hapa wakati wa njaa, kwa mikono yake mwenyewe, na watu wakasema amina. Nilitazama wale wanawake. Walikuwa wamezeeka. Walisema amina.

Mimi sikusema amina wala sikusema kitu kingine. Nilikuwa nimefikiri ningesema. Njiani kutoka Kwa Vonza nilikuwa nimepanga maneno, mazuri kabisa. Lakini walipomaliza kufukia wakatangaza chakula, na watu wakaanza kupanga mstari, nikapanga. Kulikuwa na wali, na nyama ya ng'ombe, na maharagwe ya kukaanga. Msichana aliyekuwa akipakua alinitilia kijiko.

"Ongeza," nikamwambia.

Akaongeza. Nikamwambia tena aongeze. Akaniangalia, kwa sababu nyuma yangu mstari ulikuwa mrefu, lakini akaongeza. Nilikwenda nikakaa peke yangu karibu na kaburi, udongo bado mbichi, nikala yote.